Mwembe wa bimkubwa umepasuka kwenye panda: tumeufunga waya na boliti badala ya kuukata

Mwana Kilindoni | #1

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu niliwaahidi watu wawili watatu inboksi, leo mvua imenifungia ndani, naushusha. Unahusu mti mmoja tu: mwembe dodo ulioko uani kwa bimkubwa, Kilindoni, kisiwani Mafia. Umri wake hakuna anayeujua. Bimkubwa aliolewa akaukuta unazaa. Nimeupima kwa kamba, una mita 16. Mita mbili na nusu kutoka ardhini shina linaachana panda, mapacha wawili wanapanda juu karibu sambamba, kila mmoja ana unene wa nusu mita.

Shida ilikuwa kwenye panda. Aliyewahi kuchonga manati anajua kuchagua panda: nzuri ina tumbo la duara pale chini. Ile iliyobana kama V unaiacha, ukiivuta inachanika katikati. Panda ya mwembe wetu ni hiyo ya pili. Mapacha wanavyonenepa wanasukumana, gome la huyu na gome la yule linamezwa ndani, na gome halishikani na gome. Kwa nje unaona shina moja zima, kwa ndani ni miti miwili iliyobanana tu. Mti wenyewe huwa unajua, unaota mashavu pembeni mwa kiungo ukijaribu kuziba udhaifu. Mashavu hayo tulikuwa tunayakanyaga utotoni kama ngazi.

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikatua Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatangaza, bimkubwa akahamia chumba cha mbali na mti. Asubuhi mwembe umesimama, umenyonyolewa majani upande mmoja, na kutoka kwenye panda kushuka chini kuna mstari mweusi, urefu wa kiganja mpaka kiwiko. Bimkubwa alidhani ni njia ya siafu. Akapitisha kidole, kikaingia ukucha.

Mimi wakati huo nilikuwa Birmingham, na kazi niliyoifanya kule miaka saba ni hiyo hiyo ya kupanda miti kwa kamba na msumeno kiunoni. Ukoo mzima ulikuwa unanicheka kwamba nimevuka bahari kwenda kukwea miti. Kicheko kilikatika siku hiyo.

Naendelea chini, chai inachemka.

Nyundo Kavu | #2

Uzi bila picha ni chai, na wewe umekiri mwenyewe kwamba inachemka.

Chalii wa Ngarenaro | #3

Mkuu kata hilo dude, panda miche miwili ya kisasa, miaka minne unakula embe. Mti ukishapasuka ni kuni.

Mwana Kilindoni | #4

Nyundo Kavu, picha bimkubwa hataki uani kwake kuanikwe mtandaoni. Amua mwenyewe kama ni chai.

Chalii, hoja yako si ya kubeza. Mwembe huu ungekuwa unainamia darasa au kituo cha bodaboda ningeukata na uzi huu usingekuwepo. Waya haumponyi mgonjwa, unamnunulia muda tu, na muda huo unaununua pale ambapo mti ukishindwa hauui mtu. Kwa hiyo kazi ya kwanza niliyoifanya niliporudi haikuhitaji hata ngazi: tulihamisha banda la kuku na lile benchi la wazee la bao. Chini ya mti pakabaki mchanga mtupu. Wazee walinuna mwezi mzima.

Kazi ya pili ilikuwa kujua kama ufa unacheza au umetulia. Nilichomeka kijiti cha kiberiti kwenye ufa, nikakaa na kahawa. Upepo ukipuliza, pacha wa kusini anaenda, kijiti kinashuka ndani. Upepo ukitulia, kinabanwa. Baada ya saa moja kilikuwa kimetafunwa, kimebaki makapi. Hapo nilijua kila upepo wa kusi unaupeleka ufa chini kidogo.

Mangi wa Kibosho | #5

Sisi huku mgomba ukielemewa na mkungu tunauwekea mwega, mti wenye panda, habari imekwisha. Kwa nini usiuwekee mwega?

Mwana Kilindoni | #6

Mangi, mwega ni halali kabisa, ila ni kwa tawi lililolala, linaloelekea ardhini kwa uzito wake. Ule mwaloni mashuhuri wa msitu wa Sherwood, Uingereza, nimeuona kwa macho yangu: matawi yake yamesimamishiwa miega tangu zama za malkia Victoria, siku hizi ni ya chuma, na nilipouona ulikuwa bado unatoa majani. Ila mapacha wangu hawaanguki chini, wanaachana. Mwega ungeuweka wapi? Hawa wanataka kushikwa mikono huko juu.

Na ukiweka mwega wa mti huku pwani, mchwa wanaumaliza kabla ya msimu wa pili.

Kifaru Mzee | #7

Kuna fundi alitufungia mwarobaini wetu kwa waya wa seng'enge, akauzungusha mapacha wote wawili mara nne na kuukaza kwa koleo. Mwaka wa sita sasa umeshika. Hizo boliti za nini? Kumtoboa mti si kumuua?

Mwana Kilindoni | #8

Mzee wangu, shikamoo. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike.

Na sisi tulikuwa na waya kama wako. Kama miaka kumi na moja nyuma fundi mmoja aliuzungushia mwembe huu huu waya, nusu mita juu ya panda. Niliporudi waya hauonekani. Mti umeumeza. Juu ya ule mstari gome limevimba kama mkono uliofungwa kamba, chini yake limesinyaa. Sababu ni kwamba chakula kinachopikwa kwenye majani kinashuka kupitia ngozi ya ndani ya gome. Ukilizungushia chuma, mti ukinenepa unajinyonga, na mizizi inakosa kula. Boliti moja inayopita katikati ya ubao, yaani mti wa ndani ya gome, inaziba njia ndogo tu na chakula kinapita pembeni yake. Macho yanatudanganya: tundu linaonekana ukatili, kitanzi kinaonekana huruma.

Kuhusu kidonda cha tundu, mti hauponi kama sisi. Mmarekani Alex Shigo alipasua miti kwa maelfu akiwa Idara ya Misitu ya kwao, na kuanzia 1977 akaandika jambo ambalo limebadilisha kazi yetu yote: mti haurudishii nyama iliyoumia, unaizungushia ukuta, kisha unaota ubao mpya nje ya ukuta. Tundu jembamba, safi, lililojazwa chuma barabara, mti unalizungushia ukuta. Tundu pana linalochezacheza linaingiza maji, hapo umeita uozo.

Wako, mzee, ukate waya huo sehemu inayoonekana, upande mmoja unatosha. Iliyomezwa usiichimbue, utaumiza zaidi. Ila kabla hujaukata hakikisha mapacha wameshikwa na kitu kingine huko juu, na hakuna mtu chini.

Mhandisi Mkavu | #9

Naomba niingilie na hesabu, maana "huko juu" inatajwa bila sababu.

Chukulia upepo unamsukuma pacha mmoja kwa nguvu ya kilo 300, na nguvu hiyo inakaa mita 8 juu ya panda. Chukulia pia panda imeshakufa, haibebi kitu. Waya ukiwa mita 9 juu ya panda utabeba 300 mara 8 gawa kwa 9, yaani kilo 267. Waya ule wa mtoa mada wa nusu mita juu ya panda utabeba 300 mara 8 gawa kwa 0.5. Ni kilo 4,800. Upepo ni ule ule, mti ni ule ule.

Asiyependa hesabu achukue panda ya manati, abane ncha zake kwa vidole viwili. Kisha abane karibu na shingo.

Mwana Kilindoni | #10

Mhandisi, umeniokolea nusu ukurasa. Kanuni ya kazi ni theluthi mbili: pima kutoka panda mpaka ncha, nenda theluthi mbili kwenda juu. Kwangu kutoka panda mpaka ncha ni mita 13 na nusu, kwa hiyo waya umekaa mita 9 juu ya panda. Wazee wa majahazi huku hawakuhitaji kuelezwa. Mmoja aliniambia tu, "Mlingoti nani kakwambia unashikwa kiunoni?"

mama_karafuu | #11

Mie niko Unguja. Hebu niulize, huu mtini wetu wa Forodhani nao ufungwe? Maana matawi yake yameenda mpaka mtu unastaajabu.

Mwana Kilindoni | #12

Dada, mtini una fundi wake wa ndani. Ile mizizi inayoning'inia, ikigusa ardhi inanenepa inakuwa nguzo. Kule Howrah, India, ng'ambo ya mto ukitokea Kolkata, kuna mtini uliopigwa na vimbunga 1864 na 1867, shina mama likaingia uozo, likaondolewa 1925. Mti upo mpaka leo, umesimama kwa maelfu ya mizizi nguzo, shina la asili halipo. Kosa letu ni kuikata mizizi hiyo ili pasafike pa kuegesha gari.

mama_karafuu | #13

Ahsante. Vimbunga usivitaje hivi hivi. Bibi zetu walihadithiwa dharuba ya 1872, iling'oa mikarafuu Unguja karibu yote, Pemba ikanusurika. Ndo maana karafuu ikahamia Pemba. Mkarafuu hata waya usingeusaidia, ule ulilala na mizizi.

Mwana Kilindoni | #14

Kweli tupu. Waya unasaidia kiungo, hausaidii mizizi. Mti unaoinuka udongo upande mmoja upepo ukipiga, huo usipoteze pesa kuufunga juu.

Sasa kazi yenyewe.

Nilisubiri Novemba, maleleji, kusi imekata na kaskazi haijashika. Kabla ya chuma chochote nilipunguza uzito. Hapa ndipo nilipogombana na bimkubwa. Embe zilikuwa zimefika saizi ya ngumi, na dodo linazaa nchani. Uzito wote uko mwisho wa fimbo. Nilipanda na kufupisha matawi ya nje ya pacha wa kusini, yule anayetanuka sana. Kila kipande nilikirudisha mpaka kwenye tawi dogo la pembeni lenye unene usiopungua theluthi ya lile ninalolikata, ili liwe ncha mpya. Sikukata kichwa. Huo mtindo wa kuukata mti kichwa ubaki nguzo yenye vidole, sijui nani alituletea: mti unachipua machipukizi mia yaliyobandikwa juu juu, na baada ya miaka mitano una tatizo kubwa kuliko la kwanza.

Bimkubwa alikuwa amekaa mlangoni anahesabu embe zinazoanguka. Kwa sauti. Alipofika mia na kitu akanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mbaya zaidi. Jioni majirani wakaja na ndoo, nyumba nzima ikanuka pilipili na siki wiki mbili. Achari bado ipo.

Ukweli ni kwamba miti mingi yenye panda mbaya ingetosheka na hatua hii peke yake. Waya wangu ulihitajika kwa sababu ufa ulishafunguka.

Shamba Boy Moro | #15

Kiongozi tutajie vifaa. Waya gani, unapatikana wapi, bei?

Mwana Kilindoni | #16

Waya ni wa chuma uliopakwa zinki isishike kutu, nyuzi saba zilizosokotwa, jamii ya ule unaoshikilia nguzo za umeme pembeni. Wenye daraja la juu wa robo inchi unakatika kwenye tani tatu hivi. Rudi kwenye hesabu ya Mhandisi uone nafasi iliyobaki. NIMENUNUA Kariakoo, risiti ninayo, naandika kwa herufi kubwa maana najua kuna mtu ameshaitazama nguzo iliyo karibu na kwake. Ule ni wa nguzo na nguzo inauhitaji. Ulifika Mafia kwa boti ya Nyamisati pamoja na magodoro ya mtu. Bei usiniulize hadharani, kila duka lina yake.

Boliti za jicho zilinichelewesha. Fundi wa kuchomelea alinikunjia nondo vizuri, imeng'aa, nikamlipa na sikuzitumia. Jicho lililokunjwa tu likivutwa linafunguka kama ndoano ya samaki aliyekushinda. Nilitafuta zilizofuliwa, jicho limefungwa kabisa, unene inchi nusu, zinapita upande mpaka upande, nyuma zinakaa washa pana na nati. Kwenye kitanzi cha waya unatia kile kipande cha chuma chenye mfereji ili waya usijikate kwenye jicho.

Nyundo Kavu | #17

Mwisho wa waya umefunga klampu ngapi? Mimi fundi gereji, klampu tatu hazijawahi kuniangusha.

Mwana Kilindoni | #18

Kwenye gereji unaziona kila siku na spana iko mfukoni. Mti unatikisika usiku na mchana mwaka mzima, nati za klampu zinalegea na hakuna anayepanda kuzikaza. Nimetumia ile mikono ya waya uliojisokota, angalia nguzo ya umeme iliyo karibu na gereji yako, waya wa pembeni unapoishia utaona imejizungusha kama nyoka. Haina nati. Ukivutwa inazidi kubana.

Nyundo Kavu | #19

Nimetoka nje kuangalia. Kweli ipo. Miaka yote naipita.

Mwana Kilindoni | #20

Naendelea.

Mita 9 juu ya panda nilitoboa pacha wa kwanza, drili ikielekea pale pale alipo mwenzake, ili boliti ivutwe moja kwa moja na isikunjwe. Wakati wa kutoboa nilikuwa natazama vumbi linalotoka. La kwanza lilikuwa la rangi ya krimu, kavu, likaendelea hivyo mpaka upande wa pili. Lingetoka la kahawia lenye majimaji ningesimama, kule ndani kungekuwa kumeoza na boliti ingeshika hewa. Pacha wa pili hivyo hivyo.

Kisha tukafunga cheni bloku (ile mashine ya mnyororo ya kuvutia mizigo) kati yao, mikanda mipana ili isikwaruze gome, kijana mmoja anavuta kidogo kidogo, mwingine amelala chini ya panda na tochi anatazama ufa. "Bado... bado... unafunga... simama." Tulisimama hapo. Ukiendelea kuvuta ili upate raha ya kuona waya umelia kama uzi wa gambusi, unaanzisha ufa mpya mahali pengine. Nikafunga waya ukiwa umenyooka tu, tukaiachia cheni bloku taratibu, waya ukapokea.

Baadaye zikaja nondo. Hizi ni nondo zenye hesi mwili mzima, unene robo tatu ya inchi. Moja imepita katikati ya ufa, chini kidogo ya panda. Nyingine imewashona mapacha wawili juu ya panda, kimo kama unene wa pacha mmoja, na nimeisogeza pembeni kidogo isikae mstari mmoja na ile ya chini. Matundu yakipangana kwenye nyuzi zile zile za ubao unachanika kama kuni. Ya chini ilitusumbua kwa sababu shina pale karibu linafika mita, hakuna biti ndefu hivyo Kilindoni. Yule yule fundi wa kuchomelea akarefusha biti, na hii kazi yake nilimsifu. Ilichukua saa mbili kutokea upande wa pili, sentimita moja tu nje ya alama.

Nondo bila waya wa juu usiweke. Nondo inashona kiungo, lakini upepo unashika juu, na fimbo ndefu itaivunja hiyo hiyo nondo au ubao ulio karibu nayo. Waya bila nondo inawezekana, kama panda ni mbaya lakini haijapasuka.

Msafiri254 | #21

Hapa Nairobi watu walipigania ule mugumo (mtini) wa Waiyaki Way 2020, barabara ikapita kando, mti ukabaki. Swali langu: mjakaranda wa kwetu una shimo kwenye shina, jamaa anataka kuujaza simiti. Je, sawa?

Mwana Kilindoni | #22

Asikuguse. Simiti ilikuwa fasheni Marekani na Ulaya mwanzoni mwa karne iliyopita, wakaacha. Mti unayumba, simiti haiyumbi, inasaga ndani, inashika unyevu, na siku ya kuukata inaua mnyororo wa msumeno. Shimo liache lipumue.

La kupima ni unene wa ubao mzima uliobaki ukilizunguka shimo. Profesa Claus Mattheck wa Karlsruhe, Ujerumani, alichunguza miti iliyovunjika na iliyosimama, akaona hatari inapanda sana ubao mzima ukiwa chini ya asilimia 30 ya nusu kipenyo cha shina. Shina lako likiwa na upana wa sentimita 80, nusu yake ni 40, kwa hiyo chini ya 12 uanze kuogopa. Na hiyo ni kwa shimo lililofungwa. Kama lina mdango mkubwa kwa nje, ogopa mapema. Waya hauongezi unene wa ubao.

Msafiri254 | #23

Mdango?

Mwana Kilindoni | #24

Mdomo, mkuu. Vidole vina sugu.

Shamba Boy Moro | #25

Nimesikia kuna kamba za plastiki badala ya waya, zinavutika.

Mwana Kilindoni | #26

Zipo, Wajerumani ndio waliozisambaza, za polipropilini. Wazo ni zuri: mti unaotikisika unanenepa mahali unapoumia, ukiufunga chuma kigumu unabweteka. Kamba inauacha uyumbe, inadaka tu dhoruba ikija. Nimezifunga nyingi Uingereza. Kwa kamba hizo hautoboi, unazungushia mkanda mpana uliolegea wenye nafasi ya mti kunenepa, usichanganye na waya wa mzee Kifaru. Kwa mti ambao haujapasuka ningechagua kamba. Kwangu ufa ulikuwa wazi na kila kuyumba kulikuwa kunauongeza. Halafu kamba ina umri, inabadilishwa kila baada ya miaka michache kwa tarehe ya mtengenezaji, na jua letu la pwani si la Birmingham.

Jambo moja nisije kulisahau: waya za umeme zikipita karibu na mti, usipande, usitume kijana. Waite TANESCO. Na mti ulioko kwenye hifadhi ya barabara si wako, hata kama uliupanda wewe.

Chalii wa Ngarenaro | #27

Mkuu mimi niliyesema ukate nimekaa paleee nimesoma yote. Bado ningekata ila nimekuelewa. Leta mrejesho kusi ikipita.

Mwana Kilindoni | #28 (mrejesho)

Wakuu, kusi imepita. Nimepanda jana.

Waya umenyooka kama nilivyouacha, hakuna uzi uliokatika, kutu hakuna ila chumvi ya bahari imeshaanza kuufifisha mng'ao. Gome jipya limeanza kupanda juu ya washa, limefunika kama robo. Linafaa lifunike, nati yote itamezwa na hiyo ni sawa. Chini, ufa umeota kingo mbili nene pande zote, kama midomo. Kijiti cha kiberiti nilichochomeka siku ya kazi kipo pale pale, kichwa chake chekundu hakijatoka rangi. Upepo ulipovuma nilikitazama dakika kumi nzima, hakikushuka.

Pacha wa kusini kachipua vizuri kule nilikofupisha. Maua yamekuja machache. Bimkubwa kayaona, hajasema kitu, kauliza tu huo waya nitautoa lini. Nikamwambia hautolewi, utakaguliwa kila mwaka na kila baada ya dhoruba mpaka mti ufe au mimi nife. Akasema basi nianze kumfundisha mjukuu kupanda.

Wazee wa bao wamerudi bila ruhusa. Nimewaambia benchi likae upande wa kaskazini na wakiona mawimbi yameanza meupe wahamie barazani kwa jirani. Wamekubali kwa masharti yao.

Kifaru Mzee | #29

Marahaba mwanangu, nilichelewa kuitika. Mwarobaini tumeukata waya jana upande mmoja kama ulivyosema, baada ya kijana kufunga kamba juu. Ulipokatika ulilia "ting" na mti ukatikisika wote. Sasa nataka boliti mbili za jicho za nusu inchi, urefu futi mbili, na huku Kilwa Masoko hazipo. Ulizipata duka gani?

Mwana Kilindoni | #30

Nimekutumia inboksi mzee. Zimebaki mbili kwangu, nazipakia boti ya Jumamosi.